Mnunuzi Umemtafuta Mwenyewe, Dalali Alipwe cha Nini?

Simu ya shangazi yangu iliingia baada ya Isha. Yeye anakaa Mumias, kaunti ya Kakamega, huko ambako misafara ya biashara kutoka pwani ilipiga kambi karne ya 19 na baadhi ya watu wetu wakalowea.

"Mwanangu, nimeletewa karatasi nitie sahihi kesho. Nisomee kwanza."

Shangazi anauza ekari moja nje kidogo ya mji. Jirani yake, mwalimu, ameshamwambia ataichukua kwa shilingi milioni 1.8, ila anangoja mkopo wa sacco. Kwa kuhofia mkopo usitoke, shangazi akamwita dalali. Hapo hakukosea. Ahadi ya jirani si pesa, na kuwa na wateja wengine kunamsaidia kujua kama bei aliyopewa ni ya haki.

Tatizo lilikuwa kwenye karatasi. Dalali alijipa haki ya pekee ya kuuza kwa miezi 6, kamisheni asilimia 5. Wengi husoma maneno hayo wakidhani maana yake ni kwamba dalali mwingine haruhusiwi. Sivyo. Akiwa wakala wa pekee, madalali wengine ndio wanaozuiwa, na mwenye mali akiuza mwenyewe kwa kawaida hadaiwi kitu. Lakini akipewa haki ya pekee ya kuuza, analipwa shamba likiuzwa na yeyote ndani ya muda ule, hata na wewe kwa jirani yako mlangoni. Kwa shangazi hiyo ni shilingi 90,000 kwa mteja ambaye dalali hajawahi kumwona.

Nikamwambia: "Shangazi, usimtajie jina la mwalimu mpaka akubali kwa maandishi." Ukishalitaja bure, dalali anampigia simu, anampeleka shambani, kisha anadai ndiye aliyemleta. Kesi nyingi za kamisheni huzunguka swali hilo hilo, nani hasa aliyesababisha mauzo.

Asubuhi nilizungumza na dalali mwenyewe. Kwanza nilimuuliza cheti cha usajili, kwa sababu Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, ya mwaka 1984, inakataza mtu asiyesajiliwa kufanya kazi hiyo. Alikuwa nacho. (Ulizeni jamani, hata kama ni rafiki wa marehemu baba.) Kisha nikamweleza kwamba yuko mtu aliyeanza mazungumzo kabla yake, na jina lake tutaliandika kwenye mkataba kama mteja asiyehesabiwa.

Alikataa. Alisema atatumia mafuta ya pikipiki na matangazo, halafu mwalimu aamke siku moja na pesa, naye abaki mikono mitupu. Hoja yake ina uzito, sikuidharau. Tukakubaliana hivi: mwalimu akinunua ndani ya siku 60, dalali hapati kamisheni, ila atarudishiwa gharama za matangazo zisizozidi shilingi 10,000 akionyesha risiti. Siku 60 zikipita, mwalimu anakuwa mteja kama wengine, lakini kwa asilimia 2, kwani hakuna wa kumtafuta. Mteja atakayeletwa na dalali mwenyewe, asilimia 5 yake kamili.

Nilichokishikilia zaidi ni siku ya kulipa. Karatasi ilitaka kamisheni mara tu malipo ya kwanza yanapoingia. Hilo ni shamba la kilimo. Bila kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, Sheria Sura ya 302 inayahesabu mauzo kuwa batili, na pesa za mnunuzi zinaweza kudaiwa. Shangazi angerudisha pesa za watu huku kamisheni imeshaliwa. Sasa inalipwa baada ya uhamisho kusajiliwa. Na ile habari ya "nipe bei yako, cha juu changu" tumeifuta kabisa. Kila ofa inafika kwa shangazi kama ilivyotolewa.

Walitia sahihi Alhamisi, jina la mwalimu na namba yake ya kitambulisho vikiwa ukurasa wa pili. Jumamosi dalali alileta watu wawili kutazama, mmoja akataja milioni 2. Shangazi hajamjibu. Amempelekea mwalimu habari, naye ameomba wiki moja aifuatilie sacco yake.