Taa zilizozimika: tuondoe madhara kwanza, manufaa yatafuata

Anayepita Mwenge siku hizi ataona kuwa katika maduka, maofisi, shule na misikiti, taa za LED zinachukua nafasi ya tyubu ndefu na zile balbu za kujisokota. Mabadiliko hayo ni mema, kwani yanapunguza matumizi ya umeme. Lakini ni wachache wanaojiuliza zinakwenda wapi tyubu zinazoteremshwa darini. Nyingi huchanganywa na taka za jikoni na kupakiwa kwenye mikokoteni na malori, na hata kabla ya kufika dampo la Pugu Kinyamwezi huwa zimekwisha kuvunjika.

Ndani ya taa hizo mna dhara na mna manufaa. Dhara ni zebaki. Kila taa huwa na miligramu chache tu, lakini ikivunjika zebaki hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, unaoingia mapafuni na kudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Walio hatarini zaidi ni watoto, mama wajawazito, na vijana waokotao makopo na vyuma chakavu kwa mikono mitupu wakitafuta riziki ya halali.

Manufaa yamo katika unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo. Katika balbu za kujisokota na tyubu nyembamba za kisasa, unga huo una madini adimu: yitriamu na europiamu kwa mwanga mwekundu, na terbiamu kwa mwanga wa kijani. Tyubu nene za zamani kwa kawaida hazina hazina hiyo, ingawa zebaki zinayo. Mchonga vinyago wa Mwenge hatupi kipande kidogo cha mpingo, kwa kuwa anajua thamani yake. Sisi tunautupa unga huu kwa kuwa hatuijui.

Njia ya kuyapata madini hayo inafahamika. Taa husagwa ndani ya mashine iliyofungwa, inayovuta hewa ili mvuke usitoroke. Kioo, vyuma na unga hutenganishwa, na zebaki hutolewa kwa kupashwa moto. Kisha unga huyeyushwa kwa asidi, na kila madini hutengwa na mengine.

Mahitaji nayo yapo. Mwezi Aprili 2025 China iliweka masharti ya kuuza nje madini adimu kadhaa, yakiwamo yitriamu na terbiamu, na viwanda vya mataifa makubwa vikahaha. Sisi tunao mlima wa Ngualla huko Songwe, uliopewa leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2023. Lakini sifa ya Ngualla ni neodimiamu na praseodimiamu. Haya ya kwenye taa ni mengine.

Hata hivyo, tusidanganyane kuwa faida peke yake itatusafishia mji. Nchini Ufaransa, kampuni ya Solvay ilianza mwaka 2012 kutoa madini adimu katika unga wa taa chakavu, wakati bei ilipokuwa imepaa baada ya China kubana mauzo yake ya nje mwaka 2010. Bei iliposhuka na LED zilipoenea, kazi ile ikasimamishwa mwaka 2016. Lakini ukusanyaji wa taa haukusimama, kwa sababu sheria za Umoja wa Ulaya zinawabebesha watengenezaji na waingizaji jukumu hilo, bei ya madini iwe juu au chini.

Hapo ndipo tunapopata somo. Wanazuoni wa fiqhi wamefundisha kuwa kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Tukikusanya taa kwa tamaa ya madini, tutaziacha siku bei itakaposhuka. Tukizikusanya ili kumlinda mtoto wa jirani, unga utahifadhika, na siku ya kuuchambua ikifika tutakuwa nao.

Muda wenyewe ni mfupi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva mwaka 2023 uliafiki kuwa taa za aina hii ziwe zimeondolewa katika utengenezaji na biashara ya kimataifa ifikapo mwaka 2027. Kwa hiyo taa zinazotupwa miaka hii ni miongoni mwa za mwisho, na kilichovunjikia dampo hakirudi.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, kamati za misikiti, shule na maofisi zinapobadilisha taa, zirudishe tyubu za zamani katika maboksi ya zile mpya na kuzihifadhi mahali pakavu zisivunjike. Ikivunjika moja, madirisha yafunguliwe na watu watoke kwa muda. Vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, unga ufutwe kwa kitambaa kibichi pasipo ufagio, na vyote vifungwe ndani ya chombo. Pili, manispaa ya Kinondoni na NEMC waweke vituo vya kupokelea taa karibu na maduka ya umeme, na kuzipeleka kwa wenye vibali vya kushughulikia taka hatarishi. Tatu, gharama isibebeshwe muokota makopo. Aliyeingiza taa nchini na kupata faida achangie, naye mnunuzi asione uzito wa kuongeza shilingi chache.

Mwanga wa taa hizi tumenufaika nao kwa miaka mingi. Si uadilifu sumu yake tumwachie mtu ambaye pengine nyumbani kwake hata umeme haujafika.