Unakumbuka mbolea ya kukuzia, unasahau oili ya giaboksi

Leo naomba tuweke pembeni kantangaze na bei ya mbegu, tuongelee gari. Najua wengine mtasema afisa ugani kaingia gereji, lakini nisikilizeni kwanza. Siku hizi kijana akipata faida ya misimu miwili mitatu, ananunua gari. Noah, Probox, Succeed, mwingine anajikaza anachukua Rav4. Hilo gari ndilo linabeba mbolea kwenda shamba, linabeba vibarua, na likitolewa viti linabeba matenga ya nyanya kwenda sokoni. Kwa hiyo ni zana ya kilimo kama pampu ya maji ilivyo. Na magari mengi haya yanayotoka Japani ni ya otomatiki.

Sasa swali langu: oili ya injini unabadilisha, tena stika umebandika kwenye kioo. Oili ya giaboksi je? Ulibadilisha lini? Vijana wengi nikiwauliza hivi wananitazama tu. Wengine wanajibu, "Hiyo haibadilishwi, ukiigusa gia inakufa."

Msimamo wangu ni huu: kwa gari linalofanya kazi ya shamba, oili ya giaboksi ni pembejeo. Iingie kwenye bajeti ya msimu pamoja na mbegu, dawa na mbolea. Asiyeiweka kwenye bajeti atailipia tu, ila atailipa siku ya mavuno, kwa bei ya dharura.

Inafanya kazi gani humo ndani

Kwenye gari la manyuali, oili ya gia kazi yake kubwa ni kulainisha. Kwenye otomatiki ina kazi tatu kwa mpigo. Inalainisha, inapoza, na ndiyo yenyewe inayosukuma gia ziingie. Pampu inaisukuma oili kwa presha, inapita kwenye vijinjia vyembamba na vali ndogondogo, inakwenda kubana sahani za klachi. Sahani zikibanwa vizuri, gari linaondoka.

Wewe unayetumia umwagiliaji wa matone utanielewa haraka. Maji yakiwa machafu na chujio likaziba, mistari ya mwisho haipati maji hata kama pampu ni mpya. Giaboksi nayo hivyohivyo. Oili ikichakaa na kujaa unga wa klachi, vali zinaanza kunata, presha inashuka, sahani zinateleza badala ya kubana. Zikiteleza zinatoa joto, joto linaichosha oili zaidi, oili iliyochoka inazidi kuziachia sahani ziteleze. Ni mzunguko ambao mwisho wake ni giaboksi kushushwa chini.

Na joto linatoka wapi? Kwenye kazi zetu hizihizi. Gari lenye mzigo linapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, au linatoka Ruaha Mbuyuni na mifuko ya mbolea kuipandisha Kitonga kurudi Ilula. Gari linajikongoja kwenye tope la masika, tairi zinazunguka palepale. Vitabu vya watengenezaji vinayaita mazingira haya matumizi magumu: mzigo, milima, vumbi, joto. Ukisikia mtu anasema oili hii ni ya maisha, haibadilishwi, jiulize ni maisha ya nani. Gari lililokuwa likipeleka familia dukani kwenye lami ya Japani halina maisha sawa na hilo lako.

Hofu ya kugusa

Tusidanganyane, hii hofu haikutoka hewani. Wapo watu walibadilisha oili, na baada ya wiki gari likagoma. Lakini angalia ni magari gani. Mara nyingi ni gari ambalo halijaguswa miaka na miaka, gia zilishaanza kuteleza, ndipo mwenyewe akakumbuka oili. Sahani zilikuwa zimekwisha tayari. Ni sawa na mtu anayepulizia dawa ya ukungu wakati shamba lote limeshaungua, halafu anasema dawa ndiyo imeua nyanya.

Sababu ya pili ni oili isiyo sahihi. Sababu ya tatu ni ile mashine ya kusukuma oili yote nje kwa presha, inayotumika hata kwenye giaboksi iliyochoka. Uchafu uliokuwa umetulia unaweza kung'oka ukaenda kuziba vali. Kwa gari ambalo hujui historia yake, mimi nashauri njia ya polepole: kumwaga na kujaza.

Niwape mfano wa kijana mmoja ninayemhudumia. Kwa wiki kadhaa gari lake lilikuwa likichelewa kushika gia asubuhi. Unaweka D, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linasogea. Akasema atalishughulikia baada ya kuuza. Siku ya mavuno, mlimani, injini ikanguruma na gari halipandi. Fundi wa njiani akaongeza oili aliyokuwa nayo, bila kuuliza ni ya aina gani. Gari likasogea kidogo, kisha likakata kabisa. Kijana akakodi Canter usiku kwa bei ya mwenye Canter. Nyanya zikafika sokoni zimelainika, na dalali akapanga bei anayoitaka yeye. Baada ya hapo ndipo ikaja hesabu ya giaboksi. Mtaji wa msimu uliofuata ukaishia gereji.

Soma lebo

Sisi maafisa ugani tunawaimbia kila siku: soma lebo ya kiuatilifu. Na huku somo ni lilelile. Usiende dukani ukasema "nipe ATF" kama mtu anayesema "nipe dawa ya wadudu". Kuna Type T-IV, kuna WS, na zote ni za Toyota, lakini WS ni nyepesi zaidi na si mbadala wa holela. Magari yenye CVT ni habari nyingine kabisa. Humo ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na unahitaji oili yake maalumu ya CVT. Ukiweka ATF ya kawaida kwenye CVT umeiua.

Na usikisie kwa jina la gari. Probox za kuanzia mwaka 2002 zina otomatiki ya kawaida, lakini zile za umbo jipya la mwaka 2014 zina CVT. Jina moja, oili tofauti. Angalia kitabu cha gari, au chomoa stiki ya kupimia oili ya gia, mara nyingi aina ya oili imeandikwa palepale. Kama huoni, chukua namba ya chasi, nenda duka la spea la uhakika wakuangalizie. Rangi nayo isikudanganye. ATF nyingi ni nyekundu, lakini zipo za CVT ambazo ni za kijani.

Namna ya kufanya

Kupima unaweza mwenyewe. Tembeza gari mpaka lipate moto, liegeshe sehemu tambarare, vuta breki ya mkono. Injini ikiwa inaunguruma na mguu ukiwa kwenye breki, pitisha gia zote kutoka P hadi ya mwisho, kisha rudisha P. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisafi, irudishe, ichomoe tena usome kwenye alama ya moto. Kwa Toyota nyingi ndiyo hivyo. Honda husomwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo kitabu cha gari lako ndiyo msemaji wa mwisho. Magari mengine hayana stiki kabisa. Hayo hupimwa kwa chini, oili ikiwa kwenye joto maalumu, na kazi hiyo mwachie fundi mwenye kifaa cha kusoma joto.

Inuse. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, umechelewa au unakaribia kuchelewa. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Inaweza kuwa rejeta imepasuka kwa ndani, au ulivuka mto uliojaa. Usiliendeshe hilo gari, fundi alifuate.

Kubadilisha, simama pale fundi anapofanya. Oili inayotoka ipimwe kwa lita. Gari dogo hutoa kama lita 3 hadi 4 kwenye sampu, na nyingine inabaki kwenye konveta. Kwa hiyo ukimwaga mara moja hujabadilisha yote. Tuseme jumla ni lita 7 na umetoa tatu na nusu. Sasa nusu ni mpya. Tembea kama kilomita 1,000, rudia, unafikia robo tatu. Mara ya tatu unakaribia tisa ya kumi. Sampu ikifunguliwa, angalia sumaku zake. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa jicho ni taarifa mbaya. Chujio lisafishwe au libadilishwe, gasketi iwe mpya. Kiasi kilichotoka ndicho kinachorudi, kisha pima tena gari likiwa la moto. Ikipungua pampu itavuta hewa, ikizidi itatoa povu, na kote huko presha inaanguka.

Kwa gari la kazi zetu mimi nashauri kati ya kilomita 40,000 na 60,000. Kama umelinunua na hujui lilibadilishwa lini, usiisubiri namba hiyo.

Na oili chafu isimwagwe kwenye mfereji. Mfereji huohuo ndio unaomwagilia mchicha wa jirani. Ifunge kwenye dumu, ipeleke gereji wanakokusanya, na dumu hilo lisirudi kubeba maji ya kupulizia wala maziwa.

Lini? Siku ya kuhamisha miche

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe zaidi. Vijana wengi wanalipeleka gari kwa fundi likishaumwa, na gari huumwa pale linapobeba mzigo, yaani wakati wa mavuno. Nyanya tangu kuhamisha miche mpaka kuchuma ni kama miezi miwili na nusu hadi mitatu. Wiki ile unayohamisha miche, pima oili ya giaboksi. Kama muda wake umefika, badilisha. Una miezi miwili ya kurudia mara ya pili na ya tatu, na ya kugundua tatizo kabla mzigo haujaiva.

Utasema hela ya wakati huo yote imeingia shambani. Sawa, tupige hesabu. Chukua bei ya lita moja dukani kwenu, zidisha kwa nne, ongeza chujio, gasketi na ufundi. Gawanya kwa bei ya tenga moja la nyanya. Utapata idadi fulani ya matenga. Halafu jiulize gari likigoma njiani unapoteza matenga mangapi, kabla hata ya kugusa bei ya giaboksi.

Na kama lako limeshaanza kuteleza, nikwambie ukweli: oili mpya haitaponya sahani zilizokwisha. Anza kutenga hela ya matengenezo sasa, na mavuno haya panga usafiri mwingine mapema, wakati bado una nguvu ya kujadiliana bei. Mwenye kirikuu anayekubali bei yako wiki mbili kabla ni bora kuliko Canter ya saa nane usiku.

Fungua daftari lako la gharama za msimu. Chini ya mstari wa mbolea ya kukuzia, andika: oili ya giaboksi, aina, lita, tarehe, kilomita. Ni mstari mmoja tu. Kazi njema, na wiki ijayo tunarudi kwenye kantangaze.