KUPONA KIFUA KIKUU SI KUPATA MAPAFU MAPYA



Liko jambo ambalo halitajwi vya kutosha tunapokutana na waajiri, nalo latuhusu wengi wetu: sisi wa viwanda vya tumbaku vya Kanengo hapa Lilongwe, na wenzetu wanaotoka kambi ya Dzaleka kwenda kufanya ganyu katika mashamba ya Dowa. Mwenzetu anaugua kifua kikuu. Anameza dawa miezi 6 bila kukosa. Makohozi yanapimwa, vijidudu havionekani, anaambiwa amepona na jina lake linafungwa kitabuni. Anarudi kazini kubeba marobota. Kabla ya saa sita mchana pumzi imemwishia, na kapita anamwita mvivu.

Sisi twasema mtu huyo si mvivu. Mapafu yake yana makovu, na hakuna aliyeyapima.

Tusieleweke vibaya. Dawa za kifua kikuu zinaponya, na anayeziacha njiani anajihatarisha yeye na jamaa zake. Tena tiba hii fupi ina jasho la watu wetu ndani yake. Miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyofanywa na madaktari wa Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wakati huo mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu. Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 1972, yalionyesha kuwa miezi 6 ya dawa zilizo bora inatosha. Leo dunia nzima inafaidi.

Lakini kijidudu kikifa, kovu hubaki. Sehemu ya pafu iliyoliwa na ugonjwa hujikunja na kuwa ngumu. Njia za hewa hutanuka zikatuamisha makohozi, au huwa nyembamba hewa isitoke vizuri. Kwa mtu anayekaa kivulini huenda jambo hilo lisionekane upesi. Kwa mtu anayebeba mzigo katika vumbi la tumbaku laonekana siku ya kwanza.

Wala haya si maneno ya vijiweni. Watafiti walifuatilia watu wazima 405 mjini Blantyre waliomaliza dawa, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Wastani wa umri wa watu hao ulikuwa miaka 35, umri wa kazi hasa. Walipomaliza tiba, 6 katika kila 10 walikuwa bado na kikohozi au dalili nyingine za kifua. Mmoja katika kila 3 alipopuliza kipimo cha pumzi alikutwa na kasoro. Karibu 1 katika kila 10 alikuwa na sehemu nzima ya pafu iliyoharibika kabisa. Baada ya mwaka, 3 katika kila 10 walikuwa bado na dalili, na waliokuwa na kazi ya mshahara walikuwa wachache kuliko kabla ya kuugua. Basi hasara hii haiishi kifuani tu. Inafika hadi kwenye chungu cha ugali.

Tutazame upande wa wenye nacho. Mwaka 1983 madaktari wa Toronto, nchini Canada, walimpandikizia mtu pafu la marehemu naye akaishi miaka kadhaa. Upasuaji huo ukaenea katika nchi tajiri. Punde ikaonekana kuwa katika pafu lililopandikizwa njia ndogo za hewa huweza kuziba kwa makovu, na kwamba karibu nusu ya wagonjwa hupatwa na balaa hiyo ndani ya miaka 5. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo haagwi. Hupulizishwa kipimo maisha yake yote, wengine nyumbani kila siku, na uchunguzi wa tatizo hilo haukomi. Hatumwonei kijicho. Twauliza tu: ikiwa yajulikana kwamba pafu lililotibiwa lahitaji kulindwa, mbona la mvuja jasho laachwa lijitegemee?

Watasema vyombo ni ghali. Kipimo cha pumzi kipo kinachoshikwa mkononi. Na pasipo hicho, mtu aweza kutembezwa dakika 6 kwenye ukumbi, umbali ukapimwa na saa ikatazamwa. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana kuwa kila anayemaliza dawa za kifua kikuu achunguzwe mapafu. Kazi iliyobaki ni kutekeleza.

Faida ya kupimwa wanaijua wazee wetu waliochimba dhahabu Afrika Kusini. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya makampuni 6 kuwalipa wachimbaji waliopata vumbi la mapafu au kifua kikuu, waliofanya kazi kati ya 1965 na 2019, wakiwamo wa Malawi. Mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kulipa. Mdai hupigwa picha na kupimwa pumzi. Asiye na ushahidi wa kifua chake na wa kazi yake hubaki mlangoni.

Je, mwenzetu wa Dzaleka ataonyesha nini? Kambi hiyo, iliyokuwa gereza, ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994 ikikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000. Msongamano ni rafiki wa kifua kikuu. Anayefanya ganyu hana mkataba wala stakabadhi, na akiishiwa pumzi huambiwa asirudi kesho.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, kila amalizaye dawa, Lilongwe na Dzaleka, apimwe pumzi siku hiyo na tena baada ya mwaka, na matokeo yaandikwe katika daftari lake la hospitali. Pili, barua ya daktari imtoe mfanyakazi kwenye vumbi na mzigo mzito bila kupunguziwa mshahara. Tatu, haki hiyo imfikie mkimbizi na kibarua wa siku sawasawa na mwenye mkataba. Nne, watafiti wanaotupima waturudishie majibu kwa lugha tunazosoma.

Nasi tuna wajibu wetu. Tumalize dawa. Tuache sigara. Kikohozi kikirudi, twende tukapimwe makohozi upya, maana huenda ni ugonjwa umerejea au ni makovu, na tiba zake hazifanani. Mwenzetu akihema, tumshike mkono mzigo, tena tumsindikize kwa mjumbe wa chama. Kapita hana kipimo cha pumzi. Asituhukumu kwa macho.

Umoja ni nguvu.