Risala ya Wavisha Pete wa Ndege, Mida

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa kaunti, wazee wetu na wageni waalikwa,

Tunakukaribisha Mida kwa heshima katika Siku ya Ndege Wahamao Duniani, siku iliyozinduliwa nchini mwetu, Laikipia, mwaka 2006. Tunaomba kukueleza yanayotusibu.

1. Kibali. Kazi yetu ni ya usiku, maji ya bamvua yakijaa na kuwaondoa ndege matopeni. Tunatega nyavu nyembamba, tunamnasua kitwitwi taratibu tukianzia miguuni, tunampima bawa na uzito, tunambana pete kwa koleo, kisha tunamwachilia. Ndege huyu aliyezaliwa Siberia, kwenye mwambao wa Aktiki, hafiki gramu 100, ukimkaza unamuua. Miongoni mwetu wamo waliowafundisha wanafunzi wa vyuo vikuu kumshika, lakini wao wenyewe hawana kibali cha kuvisha pete. Mwenye kibali asipokuja, nyavu hubaki guniani msimu mzima. Tumevumilia sana. Tunaomba mafunzo na mtihani wa vitendo hapa hapa pwani, kwa Kiswahili, na kila atakayefaulu apewe kibali, hata kama hakumaliza sekondari.

2. Malipo. Tunalipwa kibarua cha usiku mmoja mmoja, na mradi ukiisha tunarudi nyumbani mikono mitupu. Aliyechomwa na mwiba wa taa matopeni hujitibu mwenyewe. Tunaomba mkataba wa msimu pamoja na bima ya matibabu.

3. Pete zinazopotea. Hili ndilo linalotuuma zaidi. Mvuvi akimkuta ndege mwenye pete amenasa kwenye jarife, huogopa kukamatwa, akaitupa pete baharini. Nambari ya pete hiyo ndiyo ingetuambia ndege alivishwa wapi na ameishi miaka mingapi. Tunaomba itangazwe redioni, kwa Kiswahili na Kigiriama, kwamba mwenye kuleta pete hatashtakiwa, na pete zipokelewe katika ofisi za machifu.

4. Mikoko. Nchi yetu imo katika mkataba wa kuwahifadhi ndege wa majini wahamao, uliopitishwa The Hague mwaka 1995. Hata hivyo, mikoko ambayo ndege hao huitegemea inakatwa usiku. Tunaomba walinzi waajiriwe kutoka vijiji hivi, kwa kuwa wanazijua njia zote za mikokoni.

Mheshimiwa, tunaomba kuwasilisha.