Ndoo haikatiwi utepe
Jumanne mkokoteni wa taka ulipita mtaani kwetu, hapa Sinza, ukichuruzika uchochoro mzima: maganda ya ndizi, makapi ya miwa, ukoko wa wali, pampasi. Nikawakumbuka wenzetu wa Addis Ababa. Mwaka 2017 jalala la Koshe liliporomoka, likaua watu zaidi ya 100. Mwaka uliofuata, hapo hapo Koshe, kikazinduliwa kiwanda cha Reppie, kilichojengwa kuchoma hadi tani 1,400 za taka kwa siku. Moto unachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, umeme unatoka. Hongera zao. Lakini tanuri halina uchawi: kuni mbichi humliza mpulizaji, na taka zetu nyingi ni mabaki ya chakula. Maboksi na chupa za plastiki, vinavyowaka vizuri, waokotaji wameshavibeba alfajiri, navyo ndivyo riziki yao. Kutuahidi umeme wa taka bila ndoo mbili kila nyumba, ya mbichi na ya kavu, ni porojo. Ila ndoo haikatiwi utepe, ndiyo maana tunaahidiwa mitambo. Maganda yangetengwa, wafugaji wa nguruwe wangeyapigania.