Ghorofa Zinapanda, Madarasa Je?

Ndugu Waislamu, apitaye Magomeni huona nyumba za vyumba sita zikibomolewa na ghorofa kusimama mahali pake. Ni neema, wala hatuipingi. Lakini palipokaa familia sita sasa hukaa ishirini, na watoto wao huelekea shule zile zile.

Nani ajenge madarasa? Tangu Januari 2016 mzazi hatozwi ada wala mchango wa lazima katika shule za Serikali, na hiyo ni haki. Mpangaji naye, tangu 2021, hukatwa kodi ya jengo anunuapo umeme wa LUKU, ilhali jengo si lake.

Mafakihi wamethibitisha kanuni kwamba mwenye faida ndiye abebaye gharama. Basi tunashauri: aombaye kibali cha kujenga ghorofa za kupangisha atoe mara moja mchango wa madarasa, na manispaa itangaze matumizi yake. Huko California, Marekani, sheria imeruhusu tozo ya namna hii tangu 1986. Ajengaye nyumba ya kuishi na wanawe asamehewe.

Wapo wasemao kuwa kodi ya pango itapanda. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana tunataka mchango uwe mdogo, usiojirudia kila mwezi.

Wenye majengo hayo baadhi yao tunasali nao safu moja. Tusiwaonee haya, tuwanasihi. Mtoto akosaye dawati leo atatudai kesho mbele ya Mola.

Wabillahi tawfiq.