Shilingi ya Mwajiri Iko Wapi?

Novemba 2025 vijana wa Uasin Gishu walianza kupokea pesa za NYOTA, mradi wa serikali wa kuwainua vijana. Hesabu yake si ngumu: vijana 70 kwa kila wadi, kila mmoja shilingi 50,000 kwa awamu mbili. Kaunti yetu ina wadi 30. Zidisha, utapata vijana 2,100 na shilingi milioni 105. Si pesa za kuchezea. Katika awamu ya kwanza ya shilingi 25,000, kijana alipewa 22,000 za biashara, na 3,000 zikaingia kwenye akiba ya NSSF. Hilo la akiba nalisifu bila kinyongo.

Jambo lisilosemwa sana jukwaani ni kwamba pesa hizi zimetoka Benki ya Dunia kwa mkopo. Kijana anazipokea kama ruzuku, taifa linaziandika kama deni. Atakayelilipa ni huyo huyo kijana akishakuwa mlipa kodi, na ili awe mlipa kodi sharti awe na kazi. Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu katika hesabu ile ya wadi na vijana simwoni mwajiri hata mmoja. NYOTA ina sehemu nyingine, ya kujifunza kazini na ya kuwapa vyeti waliopata ujuzi bila kuingia darasani. Kwangu hiyo ndiyo roho ya mradi, ila haikuwa hiyo iliyojaza viwanja.

Hoja ya toleo hili ni kwamba ruzuku ya ajira isipomfunga anayeajiri, inabaki kuwa posho. Na kumfunga mwajiri si kumwalika hotelini, akapewa fulana na chakula cha mchana, akapigwa picha akiitwa mbia. Ni kumtaka aweke kitu chake mezani: nafasi, mashine, saa za fundi wake, hata sehemu ya ujira.

Eldoret, mji wetu, inaijua ruzuku kuliko miji mingi. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulianza 1989, shule ya udaktari ya hapa ikiwa bado changa. Mwanzoni ulikuwa ushirikiano wa watu: madaktari wa Indiana walikuja kuishi na kufundisha hapa, na wanafunzi wakapishana kati ya nchi hizi mbili. Ukimwi ulipobana, mwaka 2001 mpango wa matibabu wa AMPATH ukaanza, kisha pesa za serikali ya Marekani zikamiminika. Vituo vikafunguliwa kote magharibi mwa Kenya. Wauguzi, makarani wa data, madereva na washauri nasaha wakapata kazi, wakajenga, wakasomesha.

Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada ya nje, na wengi waliolipwa kwa ruzuku wakaambiwa wakae nyumbani. Aliyebaki kazini ni yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye vitabu vya mishahara vya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi au vya chuo. Siwalaumu waanzilishi, bila wao mji huu ungezika watu wengi zaidi. Lakini tangu pesa zilipoanza kuingia, serikali ya taifa ilikuwa na miaka 20, na ya kaunti ilikuwa na muda wote tangu ilipoundwa 2013, wa kuwahamisha wafanyakazi wale kidogo kidogo hadi kwenye bajeti zao. Kazi hiyo iliahirishwa kila mwaka, kwa kuwa mfadhili alikuwapo.

Anayetaka kuona ubia wa ajira usio na ruzuku na aende Kaptagat, si mbali na mjini. Kambi ya wanariadha ya Global Sports Communication, kampuni ya Kiholanzi ya uwakala wa wanariadha, imemlea Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang. Vijana hulala hapo, hufagia kwa zamu, na chipukizi hukimbia nyuma ya bingwa wa dunia. Wakala anagharimia kwa sababu kijana akishinda naye anapata fungu lake. Asiposhinda, hasara ni ya wakala pia. Mbio zina ukatili wake, nakubali: anayeumia goti hurudi shambani na hakuna anayemkumbuka. Hata hivyo, hapo mwalimu na mwanafunzi wanaombea matokeo yale yale, na hilo ndilo ninalolikosa katika semina zetu nyingi.

Kinyume chake tulikiona katika mpango wa kaunti wa kupeleka vijana kusoma Finland na Kanada, ulioanza 2021. Wazazi walilipa, wengine wakauza mashamba. Mwaka 2023 waliandamana katika barabara za Eldoret wakidai pesa zao, na Agosti mwaka huo viongozi wa zamani wa kaunti wakafikishwa mahakamani. Walikana mashtaka, na ya mahakama nayaachia mahakama. Ninachotaka kusema ni kwamba katika ubia ule mzazi peke yake ndiye aliyeweka pesa zake hatarini.

Sasa turudi mjini, mtaa wa Langas, kwa mafundi wa kuchomelea na wa samani. Fundi akimpokea mwanagenzi anapoteza saa, vifaa vinaharibika, na kijana akishaiva anaweza kuhamia kwa jirani. Mradi wa KYEOP, uliotangulia NYOTA, ulilielewa hili: fundi wa juakali alihesabiwa kuwa mwalimu na akalipwa, na kijana akapewa posho akiwa karakanani. Hilo lingepaswa kuwa kanuni ya kudumu badala ya kuisha pamoja na mradi.

Chombo cha kulidumisha tunacho tayari. Mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ada ya mafunzo inayosimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Mwenye wafanyakazi 100 hutoa 60,000 kwa mwaka, na sheria inamruhusu kudai fidia ya mafunzo yaliyoidhinishwa. Fundi wa Langas asiyesajiliwa hatoi wala hadai, ingawa ndiye anayefundisha. Jumuiya ya kaunti za Bonde la Ufa Kaskazini, NOREB, ingeweza kuunda mfuko mmoja wa uanagenzi: mfadhili anaweka fungu, kaunti zinaweka fungu, mwajiri anaweka lake, na malipo ya mwisho hayatoki mpaka kijana awe amekaa kazini mwaka mzima. Wafadhili wataguna, maana miezi 12 ni mirefu kwa anayesubiri kuandika ripoti. Acha wagune.

Ndani ya toleo hili utasoma pia kuhusu Rivatex, kiwanda cha nguo ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua 2007 na kikafunguliwa upya 2019. Hapo chuo na kiwanda vilikuwa mikononi mwa mmiliki mmoja, na mwandishi wetu hakumwonea haya.

Nawe fundi uliyewahi kupokea mwanagenzi wa mradi wowote, tuandikie. Ulilipwa nini, kijana alikaa muda gani, na leo anafanya kazi wapi? Kurasa za barua za toleo lijalo tumewatengea ninyi.